Ukubwa wa Eropleni Si Nafasi ya Abiria

Muhula huu katika chama chetu cha majadiliano tulibishana juu ya eropleni kubwa sana za abiria. Aliyefungua mjadala alisema kwamba kukoma kutengenezwa kwa eropleni hizo ni hasara kwa kila msafiri, maana ndizo zilizokuwa na raha kuliko zote. Wengi walimpigia makofi, nami niliyempinga nikashindwa kwa kura nyingi. Kwa kuwa kengele ililia kabla sijamaliza maneno yangu, namwomba Mhariri aniruhusu niyamalize hapa.

Kwanza yafaa tukumbuke habari yenyewe. Boeing 747 ya Marekani iliruka mara ya kwanza mwezi wa Februari 1969, na mwezi wa Januari 1970 ikaanza kuchukua abiria kutoka New York kwenda London. Zilitengenezwa 1,574, na ya mwisho ilikabidhiwa mwezi wa Januari 2023, nayo haikuwa ya abiria bali ya mizigo. Kubwa zaidi kuliko hiyo ni Airbus A380, iliyokuwa ikiunganishwa mjini Toulouse katika Ufaransa. Hii ina orofa mbili kutoka mbele mpaka nyuma, ina injini 4, na uzito wake ikiondoka huweza kupita tani 550. Ilianza kazi mwezi wa Oktoba 2007, kutoka Singapore kwenda Sydney. Lakini mwezi wa Februari 2019 Airbus ilitangaza kwamba itaacha kuitengeneza, na mwezi wa Desemba 2021 ya mwisho ikakabidhiwa. Wanunuzi walipata 251 tu, na karibu nusu yake zilikwenda kwa shirika moja, Emirates la Dubai. Nyingi zingali zikiruka, lakini mpya hazitengenezwi tena.

Sikatai kwamba eropleni hiyo ina raha. Mjomba wangu alikwenda Uingereza kumtazama mwanawe. Kutoka Nairobi mpaka Dubai alipanda ndege ya injini 2, na kutoka Dubai mpaka London akapanda A380. Aliporudi alitueleza kwamba ndani mlikuwa kimya hata aliweza kumsikia mtu akikohoa safu ya nyuma, na kwamba kiti kilimtosha mabega yake, ambayo si madogo. Sisi tulisikiliza kana kwamba tunasimuliwa habari za jumba la mfalme. Mwaka uliofuata alitaka kwenda tena, nami nikamwuliza kama ataitafuta ile ndege kubwa. Akacheka. "Mjomba," akaniambia, "mimi nimetafuta tikiti ya bei nafuu. Ndege yenyewe nitaijua nikifika kiwanjani."

Katika jibu hilo, kwa maoni yangu, imo sehemu kubwa ya sababu iliyoiangusha A380. Abiria huisifu raha akiwa amekwisha kufika, lakini siku ya kununua tikiti hutazama nauli na saa ya kufika. Tena eropleni hiyo ilibuniwa kwa wazo kwamba watu watakusanywa katika viwanja vichache vikubwa, kisha wagawanywe kwa ndege ndogo kwenda makwao. Lakini nani apendaye kuteremka katikati ya safari na kukesha kiwanjani akiwa amekumbatia mfuko wake? Wakati huohuo wahandisi walitengeneza ndege za injini 2 ziendazo mbali sana kwa mafuta machache, kama Boeing 787, iliyoanza kazi mwaka 2011, na Airbus A350, iliyoanza mwaka 2015. Ni kwa Boeing 787 Kenya Airways ilivyoweza, mwezi wa Oktoba 2018, kuanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi mpaka New York. Ingetumika A380 katika njia hiyo, viti vingapi vingebaki vitupu? Ndege ya viti 500 ikibeba watu 250, injini zake 4 hazitadai nusu ya mafuta. Tena Boeing 747 ilipokosa wanunuzi wa kubebea abiria, iliendelea kununuliwa kwa ajili ya mizigo. Lakini A380 ya mizigo haikutengenezwa hata moja.

Wala si kweli kwamba hizi zilizochukua nafasi yake hazina raha. Katika ndege nyingi za zamani, hewa ya ndani huweza kuwa nyembamba kama ya mlima wa futi 8,000. Katika Boeing 787 na Airbus A350 haizidi wembamba wa hewa ya futi 6,000, yaani karibu na kimo cha Nairobi. Mwili wa ndege hizo umetengenezwa zaidi kwa nyuzi za kaboni, ambazo haziliwi na kutu kama madini. Kwa hiyo hewa yaweza kuachiwa unyevu zaidi, na koo la abiria halikauki sana.

Basi je, abiria amepata faida tupu? Hapana, na hapa ndipo nilipokatizwa na kengele. Boeing 787 ilifikiriwa iwe na viti 8 katika kila safu ya daraja la kawaida. Mashirika mengi yametia 9. Boeing 777, ilipoanza kazi mwaka 1995, aghalabu ilikuwa na viti 9. Siku hizi mashirika mengi yametia 10. Ndege haikupanuliwa hata kidogo. Kiti ndicho kilichopunguzwa, kikawa yapata inchi 17 badala ya 18. Wakubwa wetu walitufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza kwamba haba na haba hukipunguza vilevile. Inchi moja haionekani katika tikiti, lakini mwenye mabega kama ya mjomba wangu huihisi kwa muda wa saa 14.

Jambo hili sisi wanafunzi twalijua sana. Ni nani kati yetu asiyelijua basi la siku ya kufunga shule, lenye viti vya watu wawili ambavyo huketi watatu? Basi hilo laweza kuwa kubwa kuliko yote stendi, wala ukubwa wake haumsaidii aliyeketi ukingoni kwa paja moja. Ndivyo ilivyo angani. Aliyetia kiti cha 10 katika ndege ya injini 2 angeweza kutia kingine katika A380 pia, kama hesabu yake ingemwambia afanye hivyo. Kwa hiyo anayeililia eropleni kubwa analilia sanduku, na kilichokuwamo sandukuni kinachukuliwa mbele ya macho yake.

Wako watakaosema kwamba dawa ni abiria kulipa zaidi. Mwenye nacho na alipe. Lakini yuko anayekwenda kutafuta matibabu, na yuko anayekwenda kutafuta kazi Ghuba, ambao nauli ya chini kabisa wameipata kwa kuuza ng'ombe. Hao hawana cha kuongeza, wala miguu yao haivimbi kidogo kuliko ya tajiri. Ndiyo maana naona kipimo cha chini cha kiti kiwekwe kwa sheria. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliagiza idara ya usafiri wa anga ya nchi hiyo iweke vipimo vya chini vya viti kwa ajili ya usalama wa abiria. Agizo hilo lina maana, kwani kabla ya kuruhusiwa kazini ndege kubwa za abiria hutakiwa kuonyesha kwamba watu wote waweza kutoka katika sekunde 90, na mtu aliyebanwa magoti hainuki upesi.

Basi wenzangu mlionishinda kwa kura, iacheni A380 izeeke kwa heshima yake. Lakini baadhi yenu mtakuwa wahandisi, na wengine mtatunga sheria za nchi. Siku hiyo mtakapoletewa picha ya eropleni mpya inayong'aa, msiulize kwanza urefu wa mabawa yake. Ulizeni kiti cha nyuma kabisa kina inchi ngapi.