Lipa deni lako, lakini usilipe gizani



Miezi michache iliyopita mama mmoja wa kwaya alinijia baada ya ibada ya pili, akiwa na daftari la shule mkononi. Ndani yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu tarehe sita, zote za Ijumaa, na mbele ya kila tarehe Sh100,000. Alikuwa amekopa ili kuongeza mtaji wa genge lake, riba ikamzidi nguvu. Baada ya kubembeleza sana, mkopeshaji alikubali kwa mdomo kwamba akilipa Sh600,000 ndani ya wiki sita, kilichobaki atasamehewa. Kila Ijumaa kijana wa ofisi ile alipita gengeni kuchukua fedha taslimu.

Mama alimaliza. Alipokwenda kudai hati ya kiwanja aliyoiweka dhamana, aliambiwa kwamba deni bado lipo, na kwamba kijana yule ameacha kazi. Nilimuuliza risiti ziko wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Mchungaji, yule kijana ni mlokole mwenzangu. Ningemwombaje risiti?"

Jibu hilo limenikosesha usingizi, kwa sababu nadhani sisi wahubiri tuna mkono wetu ndani yake. Tumefundisha vizuri kwamba Mkristo hulipa deni. Tumesoma Warumi 13:8 na kuwaonya watu juu ya mikopo umiza, ile inayoitwa kausha damu. Lakini ni mara ngapi tumewafundisha namna ya kulipa? Matokeo yake, waumini wengi wanaamini kuwa kudai maandishi ni dalili ya kukosa imani au kukosa upendo. Leo nataka kusema wazi kwamba mawazo hayo hayatoki kwenye Biblia.

Tufungue Yeremia 32. Jerusalem imezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Anamjia Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, akimtaka anunue shamba la Anathothi. Ni ndugu wa damu, na Mungu mwenyewe amekwisha kumjulisha Yeremia kwamba atakuja. Kama kuna malipo yaliyostahili kufanyika kwa kuaminiana tu, ni haya. Hata hivyo, Yeremia aliita mashahidi, akapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani mbele yao, akaandika hati na kuitia muhuri. Kisha alimkabidhi Baruku nakala mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nabii aliyesikia sauti ya Mungu hakuona haya kuandika risiti. Sisi ni nani hata tuone haya?

Mtume Paulo naye, aliposimamia mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakubeba fedha ile peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:20-21 anaeleza kwamba alijihadhari asije mtu akamlaumu, na kwamba alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Angalia pande hizo mbili. Mungu anajua kuwa umelipa, ni kweli. Lakini baraza la kata halina namna ya kumwita Mungu kutoa ushahidi. Wazee wetu walilisema kwa ufupi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ndugu yangu unayetaka kumaliza deni kwa mapatano, maandishi yatangulie fedha. Kama mkopeshaji amekubali kupokea pungufu ya deni lote, akuandikie barua yenye kiasi kilichokubaliwa, tarehe ya mwisho, na maneno yanayosema kwamba ukilipa hicho deni limekwisha. Ahadi ya mdomo ikikutana na meneja mpya, haina pa kushika. Kwa mkopo wa mtu na mtu, kaeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, andikeni, na kila mmoja aondoke na nakala yake.

Pili, chagua njia inayoacha alama. Kuweka fedha benki kwenye akaunti yenye jina la kampuni iliyokukopesha ni salama zaidi kuliko kumpa mtu mkononi. Ukilipa kwa simu, tumia namba rasmi ya malipo ya kampuni, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na utunze ujumbe wa muamala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za namna hiyo, lakini simu huibwa na kuanguka majini. Omba taarifa ya miamala yako, ichapishe, iweke pamoja na vyeti vyako. Hicho ndicho chombo chako cha udongo.

Tatu, jihadhari na anayekuharakisha. Sote tumewahi kupokea ujumbe wa mtu tusiyemjua anayesema ile hela itumwe kwenye namba hii. Tunaucheka, mpaka siku unapomkuta mtu mwenye deni kweli na hofu kweli moyoni. Ukiambiwa namba ya malipo imebadilika, nenda ofisini ukaulize. Na namba yako ya siri usimpe yeyote. Wapo walimu na watumishi wengine walioacha kadi zao za benki na namba za siri mikononi mwa wakopeshaji, mshahara ukiingia mwingine ndiye anayeuchukua. Kama ni wewe, zungumza na benki yako. Kulipa deni ni wajibu wako, lakini hakuna andiko linalokutaka ukabidhi ufunguo wa nyumba yako.

Nne, usikope kwingine ili kulipa mapatano haya. Elisha alimwambia yule mjane wa 2 Wafalme 4 auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Nabii aliwakumbuka watoto. Patana kiasi ambacho ukikitoa, nyumbani bado kutapikwa.

Mwisho, usiseme umemaliza mpaka umepata barua ya kumaliza deni na dhamana yako mkononi, iwe hati ya kiwanja au kadi ya gari.

Najua kuna atakayesema upendo hauhesabu mabaya. Ni kweli, 1 Wakorintho 13 inasema hivyo. Lakini risiti haihesabu mabaya, inahesabu fedha. Tena inawalinda wawili. Kama kijana yule aliiba, risiti ingemzuia asijaribiwe. Kama hakuiba, leo anaitwa mwizi mtaa mzima na hana cha kujitetea. Kwa kumwonea haya, mama yetu alimnyima ndugu yake katika Bwana ulinzi aliouhitaji.

Neno langu kwa Wakristo wanaokopesha, na wapo wengi wanaokaa viti vya mbele: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wafanya biashara hiyo wawe na leseni. Lakini hata usingekuwepo mkono wa sheria, utampokeaje mjane fedha bila kumwandikia? Toa risiti kabla hujaombwa. Na sisi makanisani, tunaopokea marejesho ya VICOBA na SACCOS juu ya meza ileile ya sadaka, tuanze kwetu.

Tulikwenda na mama yule kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mkopeshaji. Daftari lake lilisomwa, likarudishwa. Hati haijatoka mpaka leo, na wazee wawili wa kanisa wanaendelea kumsindikiza. Genge bado analifungua kila asubuhi.

Deni letu kubwa Kristo alilimaliza hadharani, juu ya kilima, mbele ya mashahidi. Wakolosai 2:14 inasema hati iliyotushitaki aliigongomea msalabani. Hakulipa gizani. Nasi tusilipe gizani.

Jumapili njema.