Mita ya Oksijeni Inasoma Juu: Tahadhari kwa Wafugaji wa Samaki Kagera

Mwenye kizimba ziwani au bwawa la samaki, kuanzia Kahororo hadi visiwa vya Muleba, asimwage chakula cha kesho kabla hajafungua mipangilio ya mita yake ya oksijeni. Atafute namba moja: kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Akikuta sifuri, ajue mita hiyo inamwonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo majini, kwa takriban asilimia 15.

Asilimia 15 ni ndogo ukiisikia barazani. Ndani ya wavu ni kubwa. Sato hula na kukua vizuri maji yakiwa na miligramu 5 za oksijeni kwa lita au zaidi. Zikishuka chini ya 3, samaki hupoteza hamu ya kula, hupanda juu kuhema, na magonjwa huwapata kwa urahisi. Mita iliyoachwa kwenye sifuri itakuandikia 5 wakati ukweli ni 4.3. Itakuandikia 3.4 wakati samaki wako wameshafika 3. Utajiona una nafasi, utalisha kama kawaida, na samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni nyingi kuliko mwenye njaa. Kwa hiyo ndoo ya chakula uliyoimwaga kwa nia njema ndiyo itakayowamaliza.

Sababu yake ni hii. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu hewa ni nyepesi: mgandamizo wake ni kama hektopaskali 884, ilhali pwani ni 1,013. Hewa ikigandamiza kidogo, oksijeni inayoyeyuka majini nayo hupungua. Maji yasiyo na chumvi, yenye nyuzijoto 25, yakishiba oksijeni Dar es Salaam huwa na miligramu 8.3 kwa lita. Yakishiba Bukoba huwa na 7.2. Unapofanya ugezi wa mita, yaani kuifunza kipimo sahihi kwa kuiweka kwenye hewa yenye unyevu, unaiambia kwamba hiyo ndiyo asilimia 100. Kutoka hapo inapiga hesabu yenyewe na kugeuza asilimia kuwa miligramu. Kama hujaiambia uko wapi, inapiga hesabu ya pwani. Linaloniuma zaidi ni kwamba kosa hili humpata hata mfugaji makini, anayefanya ugezi kila wiki bila kukosa. Anarudia kosa lilelile kwa uangalifu mkubwa.

Mita nyingine haziulizi kimo, zinauliza mgandamizo wa hewa. Hapo kuna mtego. Ukifungua simu kutazama hali ya hewa ya Bukoba, utaona hektopaskali 1,013 au 1,015. Usiiandike hiyo. Watu wa hali ya hewa huirekebisha namba hiyo ilingane na usawa wa bahari, ili waweze kulinganisha mji na mji. Kwa mita yako, ukiwa kando ya ziwa, andika 884. Mwenye bwawa juu ya vilima vya Muleba atafute kimo halisi cha eneo lake, kwa sababu huko hewa ni nyepesi zaidi na kosa linazidi 15.

Nasema haya sasa, si mwezi ujao, kwa sababu ya upepo. Kuanzia Septemba hadi kama Aprili maji ya ziwa hukaa kwa matabaka, na tabaka la chini hubaki na oksijeni kidogo sana, mahali pengine karibu hakuna kabisa. Pepo za kusi zikishika, kati ya Mei na Agosti, ziwa huchanganyika na maji yale ya chini huweza kupanda hadi kwenye vizimba. Dhoruba za mvua nazo hufanya hivyo katika miezi mingine. Mwishoni mwa 2020 na Januari 2021 sangara walielea wakiwa wamekufa upande wa Uganda, na serikali ya huko ikataja uhaba wa oksijeni uliotokana na dhoruba. Novemba 2022 ikawa zamu ya wafugaji wa vizimba Kisumu, Kenya. Sato waliokaribia kuvunwa walikufa kwa wingi, na watafiti nao wakataja oksijeni. Sisemi mita ndizo zilizowaua samaki wale. Ninachosema ni kwamba maji ya namna hiyo yakikujia usiku, kitu pekee cha kukuamsha mapema ni namba sahihi, na mita iliyowekwa kwenye sifuri itakuacha umelala.

Na kosa hili linasambaa. Kikundi kimoja kinanunua mita, majirani wanaazima. Anayenunua ya kwake anaileta ailinganishe na ile ya zamani, anaona zinatofautiana, anadhani mpya ndiyo mbovu, anairekebisha ifuate ya zamani. Ndani ya msimu mmoja mwambao mzima unaweza kuwa unasoma uongo mmoja, na kila mtu akawa na shahidi.

Basi leo jioni, kaa kivulini na mita yako. Andika kimo: 1,134 ukiwa kando ya ziwa, au kimo halisi cha eneo lako ukiwa vilimani. Tazama pia sehemu ya chumvi, iwe sifuri. Mita iliyowahi kutumika kwa kamba wa pwani au kwenye tangi la maji ya bahari huweza kuwa imebaki na chumvi ya 35, nayo hushusha namba kwa kama asilimia 18. Makosa mawili yakikutana, moja likipandisha na jingine likishusha, mita itaonekana nzima. Atakayekuja kurekebisha moja bila kulijua la pili ataiharibu kabisa.

Sasa lowesha kipande cha sifongo, kikamue, kiweke kitakoni mwa kikombe cha ugezi. Chunguza ncha ya kihisi. Kama ni cha utando, utando usiwe na mkunjo wala tundu, na chini yake pasiwe na kiputo cha hewa. Ukikiona, badilisha maji yake ya ndani na ufunge utando mpya. Futa taratibu tone lolote lililoshika kwenye utando, maana tone moja linatosha kupotosha ugezi wote. Weka kihisi ndani ya kikombe bila kugusa sifongo, usikaze kifuniko, subiri dakika 10 hadi 15 joto litulie. Kisha thibitisha. Usiishie kuona 100, geuza kwenye miligramu. Kando ya ziwa, kwa nyuzi 24 unatakiwa kuona 7.3, kwa nyuzi 25, 7.2, kwa nyuzi 26, 7.0. Ukiona inazidi 8, kimo hakijaingia, rudi mwanzo. Mwenye kihisi cha mwanga asijione amesalimika: hakina utando wa kuchanika, lakini hesabu ya kimo ni ileile.

Kwa mita ya pH nina neno fupi. Fanya ugezi kwa kimiminika cha 7 na cha 10, kwa sababu maji yetu huelekea juu ya 7, hasa mwani ukishamiri. Cha 10 kikikaa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kushuka, kwa hiyo usikirudishe chupani ulichokwisha kutumia. Kihisi cha kioo cha mita hiyo kihifadhiwe kwenye maji yake ya kloridi ya potasiamu, kamwe si kwenye maji ya betri. Usidhani pH ni jambo la pembeni: kwa nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki ni kama asilimia 5 pH ikiwa 8, na hupita 35 ikifika 9.

Mita ikishakaa sawa, pima saa kumi na moja alfajiri. Mchana mwani unatengeneza oksijeni na kila kizimba kinaonekana salama. Usiku mwani huohuo unaivuta. Shusha kihisi hadi kitako cha wavu, kisha pima nje ya wavu upande upepo unakotokea. Chenye utando kichezeshe polepole majini unaposoma, la sivyo kitakula oksijeni iliyo mbele yake na kusoma chini.

Ukikuta chini ya 4, usilishe asubuhi hiyo. Ukikuta chini ya 3, usilishe kabisa, usihamishe wala kuchambua samaki, washa mashine ya hewa kama unayo, toa waliokufa mara moja, na mpigie ofisa uvuvi wa kata yako kabla jua halijachomoza. Wapigie na majirani. Waambie namba uliyoipata, na waulize mita zao zimewekwa kimo gani.