Masika Yanakuja: Nyumba Yenu Iko Fiti?

Wenzetu walioko Ulaya ikifika Oktoba huanza kuziba nyufa za madirisha na kukagua mitambo ya kupasha nyumba joto, maana baridi ya kule haina utani. Sisi wa Dar baridi yetu ya Julai inamalizwa na shuka moja. Kinachotutia adabu ni masika. Machi hadi Mei mvua haipigi hodi, na sisi wa katikati ya jiji tunaipata kisawasawa: maji yanatoka juu kwenye bati, yanatoka chini kwenye mtaro, na yakikutana sebuleni ndipo penzi linapopimwa.

Nasema penzi kwa sababu kesi ninazo. Kuna wanandoa ninaowafahamu, wamepanga vyumba viwili katika moja ya zile nyumba za zamani za Kariakoo zenye korido katikati na uani nyuma. Bati lilikuwa linavuja tangu vuli. Mume, mtu wa ofisini, alikuwa na msimamo mmoja tu: "Nyumba si yetu, atengeneze mwenyewe." Ukimsikiliza, ana hoja. Lakini chini ya tundu lile, uvunguni mwa kitanda, mkewe alikuwa ameweka maboksi ya vitenge anavyouza Mtaa wa Kongo. Usiku mmoja wa Aprili mzigo ukalowa, rangi zikachujiana, mtaji ukaenda na maji. Wiki mbili nzima walikuwa wanasalimiana kama wapangaji wa vyumba tofauti. Kwa bwana lile lilikuwa tundu la bati. Kwa bibie lilikuwa tundu la mfuko.

Kwa hiyo kabla hamjamwita fundi, kaeni muulizane: kipi kikilowa kitakuuma zaidi? Mwenzio anaweza kutaja vyeti vya chuo, wewe ukataja kompyuta, kumbe wote mmesahau kwamba ukuta anaolalia mtoto mwenye pumu ndio unaoota ukungu kila mwaka. Matengenezo yaanzie hapo, si sebuleni kwa ajili ya macho ya wageni.

Kukagua hakuhitaji utaalamu. Panda darini saa sita mchana jua likiwaka, zima taa, tafuta vitobo vya mwanga na uvitie alama ya chaki. Kanyaga mbao, usikanyage dari, utajikuta chumbani kwa jirani! Mara nyingi tatizo ni misumari: bati linatanuka kwa jua na kunywea usiku, misumari inalegea, mipira yake inakauka. Kuibadilisha ni kazi ndogo. Kupaka lami juu ya kitambaa sikushauri sana, jua likiipiga inapasuka. Walioko ghorofa ya juu kabisa, ombeni kuona paa. Bomba la kutolea maji likizibwa na mifuko na majani, zege linageuka bwawa, na maji yanashuka kwa njia za waya hadi kwenye taa. Hilo usilichekee.

Na ndoo mliyotega chini ya tundu mwageni kila siku. Mbu wa dengi, ugonjwa uliotusumbua sana Dar mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Kuhusu mwenye nyumba, jamani, tuache kununa. Mpelekeeni barua na picha, mkubaliane kwa maandishi kwamba gharama itakatwa kwenye kodi ijayo, halafu ndipo mnunue bati. Wengi wetu tunalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo hiyo kodi ijayo iko mbali, na maneno ya mdomo husahaulika mvua ikikatika. Risiti iandikwe jina lenu. Akigoma kabisa, hesabuni: msumari na mpira wake ni bei gani, na kilicho chini ya tundu ni bei gani?

Mnaokaa chini, hasa upande wa Jangwani na Bonde la Msimbazi, ninyi habari yenu ni nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hapo misumari haitoshi. Wekeni vyeti, hati na kadi za kliniki kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati, na kila mmoja ajue ulipo. Kubalianeni nani anambeba mtoto na nani anazima swichi kubwa. Izimwe kabla maji hayajaingia; ukishasimama ndani ya maji usiiguse. Kama mnatumia shimo la choo, likanyonywe mapema, kwa sababu maji ya ardhini yakipanda linajaa lenyewe. Kuna majirani husubiri mvua ili watapishe vyoo mtaani, na kipindupindu kilichoanza hapa Dar Agosti 2015 hatujakisahau.

Haya yote ni ya Februari. Mvua ya kwanza ikipiga, fundi aliyekuwa anakubembeleza umpe kazi hapokei tena simu yako.