Daktari wa Uzazi na Lugha ya Mzazi

Aghalabu safari ya kuwa daktari wa uzazi huhesabiwa kwa miaka. Nchini Kenya, shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 6, hufuatwa na mwaka 1 wa mafunzo kazini, kisha shahada ya uzamili. Muda wote huo mwanafunzi husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza. Iwapo kijana huyo ametoka Mau Narok, kwenye baridi na mashamba ya viazi na ngano, ambako Mkikuyu, Mkalenjin na Mmaasai hukutanishwa sokoni na Kiswahili, atarejea akilijua jina la Kilatini la kila kiungo cha mjamzito, ilhali hajafunzwa namna ya kuzungumza naye.

Lichukuliwe neno "kifafa cha mimba". Hutajwa hivyo hali ambapo shinikizo la damu la mjamzito hupanda hata akatetemeka mwili mzima na kuzimia. Lakini kifafa, kwa mwanakijiji, ni ugonjwa wa ukoo fulani. Mama ambaye kwao hakuna aliyewahi kuanguka ataona onyo hilo halimhusu. Kichwa kikimgonga, macho yakiona ukungu na uso ukimvimba, atasingizia baridi ya Mau, na hospitali ya rufaa iko mbali, Nakuru mjini. Hapa istilahi mbovu inaweza kuua.

Njia ya Denis Mukwege inastahili kutazamwa kwa jicho hili. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, akasomea udaktari nchini Burundi kwa nia ya kuwatibu watoto. Kazi yake katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, ilimkutanisha na wanawake walioletwa mahututi kwa matatizo ya kujifungua. Ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Alirejea mwaka 1989, akaanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Wengi huikumbuka Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2018. Lenye uzito zaidi ni kwamba wagonjwa ndio waliomgeuza njia, na wagonjwa wa Kivu hawasimulii maumivu yao kwa Kifaransa cha vitabuni.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Dai hilo limechakaa. Mji wa mimba, kondo la nyuma na ukunga ni maneno ya wakunga wa jadi, si ya kamati yoyote. Kosa kubwa liko katika idara za Kiswahili zenyewe: tasnifu kuhusu taswira katika ushairi hazihesabiki, ila nani ameketi kliniki kusikiliza mjamzito akisema "nasikia uchungu", na muuguzi akilazimika kuuliza kama ni maumivu tu au ni utungu wa uzazi? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili akipelekwa Mau Narok kwa muhula mmoja, pamoja na daktari mwanagenzi, wayakusanye maneno ya akina mama kabla ya kubuni mengine, kazi itakuwa imeanza.