Kikombe Bila Mwamuzi wa Haki ni Bati Tupu

Siku hizi hakuna mwuza mbegu, mbolea, chakula cha ng'ombe au pampu ya maji afikaye katika skimu zetu bila karatasi ya sifa. Moja imeandikwa kwamba kampuni yake ni ya kwanza katika Afrika Mashariki. Nyingine ina picha ya mkurugenzi akipokea kikombe huku watu wakipiga makofi. Mkulima wa Muhoroni, Koru, Songhor au Ahero huitazama picha hiyo na kujiambia, "Ikiwa wakubwa wamewatuza, mimi ni nani nisinunue?" Nia ya maandishi haya ni kumwomba mkulima huyo angoje kidogo kabla ya kutoa fedha, aulize kwanza: Je, ni nani aliyehukumu?

Maoni yangu ni haya. Tuzo ya biashara au ya kiwanda haimfai mnunuzi ila kama mwenye kuitoa amechunguzwa na mtu mwingine asiye na fungu katika biashara hiyo. Kuchunguzwa huko na kukubaliwa rasmi ndiko kunakoitwa ithibati. Pasipo ithibati, kikombe chaweza kutolewa na mtu yeyote mwenye fedha za kukinunua dukani.

Wakulima wa miwa hawahitaji kufundishwa sana jambo hili. Miwa inapofika kiwandani, trekta na tela hupimwa zikiwa zimejaa, kisha zikiwa tupu, na tofauti yake ndiyo malipo ya kazi ya mwaka mzima na zaidi. Mizani ni ya kiwanda, na mnunuzi wa miwa ni kiwanda hicho hicho. Kwa sababu hiyo sheria haikubali kiwanda kijihukumu chenyewe. Afisa wa vipimo huja na mawe yake, huijaribu mizani, na akiiona ni sawa huipiga muhuri. Hata mawe ya afisa huyo nayo hulinganishwa na mawe makuu ya serikali. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiyo sababu kila mpimaji yampasa awe na mpimaji wake.

Sasa tutazame vikombe vya maonyesho. Chama cha Kilimo cha Kenya ni cha zamani sana; kilianzishwa mwaka 1901, na maonyesho yake ya Kisumu yamejulikana kwa miaka mingi kwa jina la Mamboleo. Katika maonyesho ya namna hiyo kuna mashindano ya aina nyingi. Kuna kikombe cha fahali, kuna cha mahindi, na kuna vikombe vya vibanda. Kibanda hupewa alama kwa jinsi kilivyopangwa, kwa usafi, kwa maelezo mazuri, na kwa kuonyesha vema neno kuu la maonyesho ya mwaka huo. Hayo ni mashindano ya halali, na anayeshinda anastahili kupongezwa.

Lakini angalieni yanayoweza kufuata. Kampuni iliyopata kikombe cha kibanda huenda nyumbani ikaandika juu ya mifuko yake: "Washindi wa Maonyesho." Mkulima asomapo hayo hudhani kwamba mbegu zilipandwa zikashinda mbegu nyingine, kumbe kilichoshinda ni rangi ya ukuta na maua yaliyopandwa mlangoni. Mbegu yenyewe haikupimwa hata punje moja. Kikombe ni cha kweli, na jina lake ndilo lililofichwa.

Kuna na ubaya uliozidi huo. Duniani kote wako watu waliofanya tuzo kuwa biashara yao. Huandika barua kwa wenye makampuni wakiwaambia kwamba wamechaguliwa kuwa bora, kisha huwadai fedha za kuandikishwa, za meza ya karamu, na za ruhusa ya kutumia alama ya ushindi. Asiyelipa hatajwi tena. Katika tuzo kama hiyo mwamuzi hula mkononi mwa anayehukumiwa, kanuni za kuhukumu hazijulikani, na walioshindwa hawaonekani. Huko Uingereza jambo hili limesumbua hata wenye biashara wenyewe, wakaanzisha alama maalumu ya kuonyesha tuzo zinazoendeshwa kwa haki. Nasi hatuna sababu ya kulala.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa mijini. Sivyo. Wavuvi wa ziwa letu walijifunza kwa uchungu maana ya kukosa shahidi anayeaminika. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kutokea habari kwamba watu wengine walikuwa wakivua kwa sumu. Wavuvi wengi hawakutumia sumu kamwe, lakini kiapo cha mwuzaji hakikutosha. Wanunuzi walitaka ukaguzi na maabara ambazo wao wangeweza kuziamini. Kwa Kenya soko halikufunguka tena mpaka mwaka 2000. Katika muda huo viwanda vilivyokata minofu ya mbuta vilipungukiwa na kazi, na mvuvi aliyekuwa mwema aliumia pamoja na mwovu, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuwatenga.

Upande wa pili, majirani zetu wa Rwanda wameonja utamu wa kuwa na shahidi huyo. Kuna shindano la kahawa liitwalo Cup of Excellence, lililoanza Brazil mwaka 1999. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuliendesha. Kahawa huletwa mbele ya waonjaji katika vikombe vyenye namba tu, bila jina la mkulima wala la chama. Waonjaji wa nchini huonja kwanza, kisha waonjaji kutoka nchi za nje huonja tena. Zinazoshinda huuzwa kwa mnada, na wanunuzi wa ng'ambo hutoa bei kubwa kupita ya soko la kawaida. Wanaolipa fedha hizo huziamini ndimi za waonjaji, na kwa ajili hiyo mkulima mwenye shamba dogo huweza kumshinda mwenye shamba kubwa.

Hapa Kenya tunavyo vyombo vya kazi hii. KEBS, iliyoanza mwaka 1974, huweka viwango vya bidhaa. KEPHIS huchunguza mbegu na kuzithibitisha. Tena ipo KENAS, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2019; kazi yake ni kuwachunguza wachunguzi, yaani maabara na mashirika yanayotoa hati za ubora. Wenye kutoa tuzo za kilimo na viwanda wangefanya vema kujiweka chini ya uchunguzi wa namna hiyo kwa hiari yao.

Hata hivyo, alama ya ubora nayo huhitaji kulindwa. Mwaka 2024 wakulima wengi wa Kenya waliuziwa, katika mpango wa mbolea ya ruzuku, mifuko ambayo kilichokuwa ndani hakikufikia kipimo cha mbolea. Jambo hilo lilijulikana baada ya waandishi wa habari kulichunguza. KEBS ikasimamisha kibali cha bidhaa hiyo, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Fundisho lake ni kwamba kupima mara moja hakutoshi. Ithibati njema hurudi tena na tena, na humnyang'anya alama yule aliyeharibika.

Wengine hulalamika kwamba uchunguzi huu ni wa gharama, na kwamba vyama vidogo vya ushirika havitaweza kuulipia. Neno hilo lina ukweli, na kwa hiyo yafaa gharama zilingane na ukubwa wa chama. Lakini gharama ya kutochunguza haipotei. Huhamishwa tu, ikabebwa na mkulima aliyepanda mbegu isiyoota, mvua ikampita, na deni likabaki.

Basi, nini kifanyike? Kamati za maonyesho na wote wanaotoa tuzo katika sehemu zetu za ziwa wangetimiza mambo manne. Kwanza, waamuzi watoke nje ya sehemu inayoshindana, nao waseme wazi kama wana udugu au biashara na mshindani. Pili, vitu vihukumiwe kwa namba badala ya majina. Tatu, karatasi za alama zibandikwe ukutani ili aliyeshindwa ajue alishindwa wapi. Nne, jina la kikombe liandikwe kwa ukamilifu, na mshindi akatazwe kulifupisha. Cha kibanda kiitwe cha kibanda.

Nawe mkulima unayo sehemu yako. Ukionyeshwa kikombe, uliza kilitolewa na nani, kilikuwa cha kitu gani, mwaka gani, na kama mshindi alilipa ili ashinde. Ukinunua mbegu, kwangua kibandiko cha KEPHIS kilicho juu ya pakiti na utume namba yake kwa simu kwenda 1393, upate jibu kabla ya kuondoka dukani. Usione haya kuuliza mbele ya watu. Fedha ni zako na shamba ni lako. Mwuzaji mwaminifu atafurahi kukujibu. Yule atakayekasirika amekwisha kukujibu, nawe shika njia uende duka jingine.