Bia niipendayo na ile ya mfuko mwepesi

Mhudumu akiniuliza, "Baridi au moto?" mimi husema moto. Bia niipendayo ni Tusker isiyotiwa kwenye jokofu. Vijana hunicheka, lakini baridi kali huufisha ulimi. Bia isiyo baridi huacha utamu wa shayiri utangulie, uchungu ufuate taratibu. Isitoshe, ina kisa. Kampuni iliyoitengeneza ilianzishwa mwaka wa 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waasisi wake, George Hurst, akauawa na ndovu mawindoni. Ndipo bia ikapewa jina la ndovu mwenye pembe, na kichwa cha mnyama huyo kingali kwenye chupa.

Hata hivyo, kuchagua bia kwa ladha ni anasa ya mwenye mshahara. Wengi wetu huchagua kwa bei, na bei hutegemea mno uamuzi wa Hazina ya Kitaifa.

Hilo lilidhihirika kwa Senator Keg, iliyozinduliwa mwaka wa 2004 ili kuwavuta wanywaji wa chang'aa. Huuzwa kutoka mapipani, na serikali iliipunguzia ushuru iwe nafuu. Nimeionja: ni nyepesi, haina ule uchungu nilioutaja, na mbeba mizigo aliyeshinda juani ana kila sababu ya kuipenda. Ilipoanza kutengenezwa kwa mtama, wakulima wa Nyanza na Mashariki nao wakapata soko.

Mwaka wa 2013 serikali ikakata msamaha huo wa ushuru kwa nusu. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mei 2014, makumi ya watu walifariki Embu, Kiambu na kwingineko baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Siwezi kudai kuwa kila marehemu angalikuwa kwenye baa ya keg laiti bei ingalisalia ilivyokuwa. Lakini mwaka wa 2015 serikali yenyewe iliuongeza msamaha hadi asilimia 90, na hatua hiyo sioni namna ya kuifasiri ila kuwa ni kukiri kosa.

Februari 2024 pombe yenye sumu iliua tena, safari hii Kirinyaga. Yaliyofuata ni misako na ukaguzi wa leseni. Kuhusu bei ambayo kibarua anaweza kuimudu jioni, lilisemwa machache mno.