Jeraha Lisiloonekana

Mashine ikimkata mfanyakazi kidole, daktari hupima jeraha na fidia hulipwa. Akili iliyoumizwa na kazi itapimwaje? Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliingiza maradhi ya akili katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, mradi uhusiano wake na kazi uthibitishwe. Ugumu wote umo katika uthibitisho huo.

Japani imejaribu kuutatua kwa hesabu. Vigezo vilivyotolewa mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2023 huchunguza matukio ya takriban miezi 6 kabla ya ugonjwa kuanza. Aliyefanya kazi saa 160 za ziada katika mwezi wa mwisho huhesabiwa kuwa alibeba mzigo mzito. Nazo ni zaidi ya saa 5 kila siku, Jumapili zikiwamo! Hapo karani hana la kubishania.

Lakini saa huandikwa daftarini. Matusi ya msimamizi hayaandikwi. Vigezo hivyo huutambua unyanyasaji pia, ila mashahidi wake ni wenzake mgonjwa, ambao wangali wakitegemea mshahara wa mwajiri yuleyule. Yafaa basi mwajiri ndiye atakiwe kuthibitisha kwamba kazi haikuhusika.